Sauti ya Mama Niliyopanda Nayo Ugweno

Niliondoka Suji kwa sababu mama yangu alikuwa amekataa kula, na alikuwa akisema maneno ambayo sisi wanawe hatukuyaelewa. Tangu kiharusi kimpate, Kiswahili kilimtoka, na Chasu, Kipare chetu cha huku kusini, nacho kikamtoka. Kilichobaki ni Kigweno cha kwao Ugweno, kaskazini ya Upare, ambacho hatukuwahi kumsikia akikizungumza nyumbani. Kila tukimsogezea uji aliusukuma kwa mkono na kurudia yale yale. Kaka yangu Mbonea alikwisha kuamua kwamba mama anadai kurudishwa kwao, azikwe huko. "Ametuchoka," alisema, akatoka nje. Mimi nilimwona mama anavyokonda, nikaogopa. Namba ya mjomba aliyeko Ugweno ilikuwa haipatikani, basi nikamrekodi mama kwenye simu, nikashuka mlima mpaka Makanya kupanda basi.

Same nilibadilisha gari. Wakati nasubiri nilimsikilizisha rekodi hiyo mfanyabiashara wa vitunguu, Msambaa wa Lushoto, maana Wasambaa Chasu chetu wanakiokota vizuri tu. Akasikiliza mara mbili, akacheka.

"Hiki sikipati hata kidogo. Nyie Wapare kwa ubahili! Hata lugha mnafichana?"

Nilicheka naye, ingawa moyo haukuwa hapo.

Tulipofika Lembeni alipanda mama mmoja akakaa karibu nami. Tulisalimiana kwa Chasu, tukaelewana bila shida. Nikampa simu. "Hicho ni Kigweno," alisema. "Sisi na wao wote tunaitwa Wapare, lakini wakianza kuongea wenyewe kwa wenyewe, mimi nabaki kuangalia midomo."

Pale stendi ya Mwanga, muuza ndizi wa Kichaga aliniomba nirudie. "Hapo, dada! Hapo anataja kula. Na kwetu tunasema karibu hivyo hivyo. Mengine yananipita."

Nilipanda gari la Ugweno nikiwa nimechanganyikiwa. Mtu anayekataa chakula anakitaja cha nini?

Mchana nilifika kwa mjomba Eliya, mdogo wake mama. Ziwa Jipe lilionekana chini kule, jeupe kwa jua. Yeye alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona peke yako? Dada yangu yuko hai?"

Badala ya kueleza, nilimwekea simu sikioni. Mjomba alisikiliza, akaketi juu ya majani yake, machozi yakamtoka huku anatabasamu.

"Dada ana adabu mpaka leo. Anasema, 'Hawa wageni hawajala. Wapeni wao kwanza.' Ndivyo tulivyolelewa. Mwenye nyumba hali kabla ya mgeni."

"Wageni gani, mjomba? Pale kitandani tupo sisi tu, wanawe."

Mjomba aliinuka, akaingia ndani kutafuta koti lake.

Kesho yake tulirejea Suji pamoja. Nilipomweleza Mbonea, aliinamisha kichwa, kisha akaenda mwenyewe kuwasha moto. Tulipika makande, tukakizunguka kitanda kila mtu na sahani yake, tukala. Mama alitutazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akitutazama tukiwa wadogo. Mjomba akamwambia kwa Kigweno kwamba wageni wameshiba. Nikamsogezea kijiko cha uji, na mama yangu akafumbua kinywa.

Safari hii ilinifunza kwamba jina moja la kabila halitoshi kuwafanya watu wasikilizane. Ilinifunza pia kwamba mama ndiye aliyeuvuka mlima kutufuata, miaka yote ile, na sisi tukadhani alizaliwa upande wetu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Siku ile, mama alipomaliza bakuli la uji, aliniuliza jambo kwa upole.

"Anauliza mmetokea wapi," alisema mjomba.

"Mwambie Suji."

Mjomba akamwambia. Uso wa mama ukachangamka, akanishika mkono kwa ule wake mmoja uliobaki na nguvu, akasema maneno marefu. Mjomba akatafsiri.

"Anasema mkirudi Suji muwasalimie wanawe. Anasema ana watoto wazuri sana huko."