Safari ya Kuvua Mahali Pasipo na Samaki

Namba ya simu ya yule nahodha niliipata kwenye tangazo la mtandaoni lenye picha za watu walioshika samaki wakubwa, wanacheka mpaka jino la mwisho. Safari za kuvua karibu na pwani, boti, mishipi na mwongozaji vyote humo humo, wenye watoto wanakaribishwa. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Tabora, na bahari nilikuwa sijaitia mguu maisha yangu yote. Lakini kaka yangu alikuwa ameniambia nimtafutie mtu wa kumpeleka kuvua baharini, na tangu msiba utokee alikuwa hajaniagiza kitu.

Nimesema msiba. Kwake yeye neno hilo lilikuwa marufuku. Kijana wake alikwenda Bagamoyo kufanya kazi za ujenzi, na siku moja ya mapumziko akapanda boti na wenzake kwenda kutembea kwenye fungu la mchanga linalojitokeza maji yakipwa. Boti ilipinduka. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana, si mzima wala maiti. Shehe wa msikiti wetu wa Isevya alikuja nyumbani, akasema kwa upole kwamba asiyeonekana huswaliwa vilevile, asomewe dua, watu wapewe ubwabwa, mama yake apate kulia. Kaka akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Mwili sijauona. Siwezi kuzika upepo."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Yeye ndiye baba, na ndiye mkubwa wetu, nani angempita? Matanga hayakuwekwa. Kila jioni aliagiza sahani ya kijana ipakuliwe na kufunikwa, na kila asubuhi wifi yangu aliwamwagia kuku kile chakula. Nilimkuta siku moja uani na sahani mkononi, kuku wamemzunguka, akaniambia, "Wifi, mimi nimekatazwa kulia. Umewahi kusikia mtu kakatazwa kulia?" Nikamsaidia kuosha sahani.

Kaka ni fundi mstaafu wa reli, na uvuvi ndio uliokuwa starehe yake. Jumamosi alikwenda bwawa la Igombe na kijana wake tangu huyo kijana hajaanza shule, wakarudi na sato wawili watatu na kambale mmoja wa kuringia mtaani. Tangu ile habari ifike, mishipi yake ilikuwa inaning'inia stoo. Ndiyo maana aliponiita akasema anataka kwenda kuvua baharini, nilidhani nimesikia vibaya.

"Watafute wale wanaopeleka watu," alisema. "Uwaulize kama wanafika mbele ya lile fungu la mchanga."

"Nimwambie nini huyo mtu, kaka?"

"Mwambie nakwenda kuvua. Neno jingine usimwambie. Sitaki kuonewa huruma na mtu nisiyemjua."

Nilijua haendi kuvua, na yeye alijua kwamba najua. Niliogopa atarudi vilevile alivyokwenda na ile sahani iendelee kupakuliwa mpaka tuzeeke. Niliogopa zaidi kwamba hatarudi, kwamba akifika pale atainuka kwenye boti na kumfuata mwanawe. Kumkatalia sikuweza, kumkubalia sikutaka. Nikakaa nyuma ya cherehani yangu, nikapiga simu.

"Shikamoo mama," sauti ya kijana ikaitika, mchangamfu, mtu wa biashara.

"Marahaba."

"Mnapiga kutoka wapi?"

"Tabora."

"Tabora! Wanyamwezi nyie?"

"Wanyamwezi."

"La haula! Mimi Mzaramo. Hebu nirudishie shikamoo yangu, mama. Mtumwa wangu simwamkii."

Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani na kukaribishwa kwa matusi ya kirafiki. Mtani akikutukana unacheka, au unamrudishia kubwa zaidi. Kununa ni kujidhalilisha, watu watasema hukufundwa. Nami nina hasira za karibu, wateja wangu wote wanajua, na siku hiyo hata hasira zangu zenyewe nilikuwa nimenyang'anywa.

"Mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na kaka yangu."

"Mnajua kuogelea?"

"Hatujui."

"Nilijua tu! Wanyamwezi majini ni mawe. Basi mtaliwa na samaki badala ya nyie kuwala." Akacheka kicheko cha mtu asiye na ubaya wowote. "Haya, mnasherehekea nini? Kuna siku ya kuzaliwa? Mstaafu? Boti tunaipamba kwa maputo, na keki tunaweka, mseme mapema."

"Hakuna sherehe."

"Mtani, hebu changamka! Mbona umekufa mdomo? Mwenzio nakutukana tangu saa ile na wewe hunijibu hata moja."

Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na kitambaa cha sketi, akinitazama. Nilijaribu kutafuta tusi la Mzaramo, ninayo mengi, nimeyarithi kwa mama. Hakuna lililokuja. Nikamwambia mtandao ni mbaya nitampigia baadaye.

Nilipompigia tena nilitaka nijue siku na saa tu, nimalize. Hata hilo halikuwezekana.

"Tuwe hapo saa ngapi?"

"Maji yakijaa."

"Yanajaa saa ngapi?"

"Inategemea na mwezi, mtani. Kila siku yanasogea mbele."

"Sasa mimi nitakataje tiketi ya basi kwa kutazama mwezi?"

"Babu zako walikuja huku kwa miguu, wewe unanililia tiketi? Mfa maji haachi kutapatapa." Akacheka tena. Mimi nikaukamata ukingo wa meza. Alinieleza kwamba siku za bamvua bahari huwa na nguvu, maji yanapanda sana na kupwa sana, na watu wa bara kama sisi tutatapika mpaka utumbo. Afadhali tungoje maji mafu, siku ambazo bahari imetulia. Kwetu Igombe maji hayana miadi na mtu, yanapungua kiangazi na kuongezeka masika, basi. Nilimjibu ndiyo, ndiyo, kama mtoto darasani. Jina la maji mafu sikulipenda, na kaka nilimwambia tu kwamba siku imepatikana.

Lililobaki likawa ni mahali. Nilipomtajia mbele ya fungu la mchanga, nahodha aliacha kucheka.

"Pale? Pale hapana samaki, mtani. Ni maji matupu, na mkondo una kasi. Mimi nitawapeleka kwenye miamba, kuna changu wa kumwaga."

"Yeye anataka pale."

"Kavua wapi huyo kaka yako?"

"Igombe. Bwawani."

"Bwawani! Mtu wa bwawani ananifundisha bahari! Haya, pesa zenu, aibu yenu."

Kila baada ya simu hizo nilikaa bila kushona. Lingenitoka neno moja tu, mtoto wetu amefia hapo, na yule kijana angefunga mdomo wake. Lakini kaka alikuwa amenikataza, na kwangu mimi amri ya kaka ni amri ya baba. Nilimuuliza mara nyingine, jioni, kama hajabadili nia. Akaniuliza, "Umeshalipia?" Nikasema ndiyo. "Basi."

Siku ya kuondoka wifi alitusindikiza mpaka mlangoni. Yeye ni mtu wa Bukene, mpole, hasemi mbele ya mumewe. Alinivuta kando kidogo akaninong'oneza, "Ukiweza, mrudi na neno. Lolote." Nikamwambia inshallah, huku nikijua kwamba neno lenyewe si langu kulitoa.

Safari ya basi sitaisimulia. Kaka alikaa dirishani kutoka Tabora mpaka tunashuka, na nilichomsikia akisema ni, "Nchi hii ni kubwa." Asubuhi tulimkuta nahodha ufukweni Bagamoyo. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kofia ya kitambaa imepauka kwa jua. Akatuvika maboya, akatuambia simu na pochi zote tuache kwa mke wake anayeuza mihogo pale, kwa sababu maji ya chumvi hayana adabu. Akamtazama kaka juu mpaka chini. "Kumbe ndiye huyu bingwa wa bwawani!" Kaka akampa mkono, akampa na nusu ya tabasamu, na nikamshukuru Mungu hata kwa hiyo nusu.

Kwanza alitusimamisha kwenye miamba. Alisema hawezi kurudisha watani mikono mitupu, mji mzima utamcheka. Akamtilia kaka kipande cha ngisi kwenye ndoana, kaka akaushusha mshipi taratibu mpaka chini, vizuri, kama anavyojua. Mimi nilikuwa nimeshalala kwenye sakafu ya boti, tumbo limenigeuka, sina msaada kwa mtu. Niliuona mshipi ukikazwa mkononi mwake, mara moja, mara ya pili.

"Vuta!" nahodha akapiga kelele. "Mtani, unaliwa chambo, vuta!"

Kaka hakuvuta. Alikaa ameshika mshipi, samaki anatikisa, na yeye anatazama upande wa lile fungu la mchanga, kule mbali ambako maji yalikuwa yanabadilika rangi. Nahodha akacheka, akatafuta neno la kumtania, kisha akauona uso wake. Lile neno hakulisema. Aliukusanya mshipi mwenyewe, akawasha mashine, akatupeleka kule bila kuulizwa.

Alipoizima mashine palikuwa kimya. Maji matupu, kama alivyosema. Hapakuwa na ndege, hapakuwa na chochote cha kutazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba nimesafiri siku nzima kuja kuona mahali ambapo hata alama hakuna.

"Ni nani?" nahodha akauliza.

Kaka alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Nikasogea kwa magoti nikaishika suruali yake, ndicho nilichoweza.

"Kijana wangu," alisema.

Nahodha akavua kofia. "Wa ile boti iliyopinduka?"

"Ndiyo."

"Tulimtafuta. Boti zote zilitoka, na mimi nilikuwemo, na kesho yake tukarudi." Akaigeuzageuza kofia mikononi. "Mlimsomea nini huko kwenu?"

"Hatujasoma. Hakuna msiba. Sijazika mtu mimi."

Nilidhani sasa yule kijana atasema pole, ageuze boti, aturudishe. Badala yake alikwenda mbele ya boti akakaa katikati, akanyoosha miguu huku na huku akaziba njia yote, akakunja mikono kifuani.

"Basi hapa hapiti mtu," alisema.

Niliona kama amerukwa na akili. Kaka naye akamkodolea macho.

"Hapiti mtu mpaka nilipwe. Maiti ya Mnyamwezi haipiti bure."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alipokufa baba yetu, bibi mmoja wa Kizaramo alishuka kaburini akajilaza chali, akasema ni chumba chake, amekuja kupumzika, hatoki mpaka apewe jogoo. Watu wakacheka na machozi yanawatoka, jogoo akaletwa, bibi akatoka, baba akazikwa. Hiyo ni haki ya mtani na ndiyo kazi yake. Hawezi kuifanya pasipo na kaburi.

Lakini lile neno, maiti, nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kulitamka. Nilingoja kaka ampige. Aliinuka nusu, boti ikayumba, nikaikaza suruali yake kwa mikono yote miwili.

"Ondoka hapo," kaka alisema.

"Siondoki. Mkono mtupu haulambwi, mtani."

Kaka akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Akatia kwenye mifuko ya suruali, mmoja, mwingine, akaigeuza nje, mitupu. Kila kitu kilikuwa kwa muuza mihogo. Mimi nilikuwa na noti niliyoifunga kwenye pembe ya kitenge changu, nikashughulika na fundo, lakini lilikuwa limelowa na kukaza, halifunguki. Nikalitia meno.

"Sina kitu," kaka alisema.

"Basi rudi naye Tabora. Kaa naye."

Kaka yangu alisimama pale mikono imening'inia na mifuko iko nje. Nilimjua mtu huyu tangu nazaliwa, na sikuwahi kumsikia akimwomba mtu.

"Nipishe, mtani," alisema. "Tafadhali nipishe, nimzike mwanangu."

Mzaramo akavuta miguu yake, akasogea pembeni, akampisha. Mimi bado nilikuwa naling'ata lile fundo.