Kitufe cha Njoo

Kazini walimwita Kiguu na Njia, naye hakukana. Alikuwa fundi wa mitandao ya ofisini, mtu wa kupanda ngazi na nyaya begani, na kiti kwake kilikuwa mahali pa kutupia koti. Hata chai aliinywa amesimama.

Mama yake alipopatwa na kiharusi ulimi ukawa mzito na mkono mmoja ukapooza, wengine walikuja kukaa naye na kumpa pole. Yeye alikimbilia kompyuta kuukuu. Aliigeuza seva, akaiweka chini ya meza chumbani kwa mama, akatengeneza ukurasa mmoja wenye vitufe vinne: Maji, Dawa, Nigeuze, Njoo. Mama akigusa kitufe kwenye kishikwambi chake, simu za watu wa nyumbani zinalia. Ukurasa ule haukutoka nje ya kuta za nyumba, wala haukuhitaji intaneti. Jamani, alivyojisifu!

Siku moja yuko juu ya ngazi kwenye ofisi ya watu, mkewe akapiga simu.

"Baba watoto, mama analia. Nilikuwa uani nafua, simu yangu kimya. Naingia namkuta kidole hakitoki kwenye kishikwambi, kumbe ukurasa haufunguki."

"Umeme ulikatika?"

"Asubuhi, ukarudi."

Akaelewa papo hapo. Umeme uliporudi, ruta, kile kisanduku cha mtandao wa nyumbani, ilikuwa imegawa anwani upya na kuipa seva anwani nyingine, na kishikwambi kilikuwa kinapiga hodi kwa mtu aliyehama. Kwa wateja hakuwahi kuacha mashine bila anwani ya kudumu. Kwa mama yake alisema atafanya kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Fundi mzima! Alishuka ngazi bila kuaga.

Njia nzima alijilaumu. Je, mama alikuwa na kiu? Je, kichwa kilimuuma tena kama siku ile ya kiharusi?

Alifika akihema. "Shikamoo mama, samahani mama, sasa hivi!" Akatupa koti kwenye kiti, akapiga magoti chini ya meza. Mkewe alikuwa ameshampa mama maji na dawa. Fundi akachomoa waya huu, akabonyeza pale, akaifunga anwani isibadilike tena. Simu ikalia mfukoni. Njoo.

"Inafanya kazi!" alisema bila kugeuka, akahamia ukutani kukaza skrubu za ruta. Simu ikalia tena. Njoo.

"Nimeona mama, imepona." Akaitoa simu ili azime mlio. Njoo. Njoo.

"Mama, si nipo hapa?"

Mkewe, mlangoni na ndoo yake, akaguna. "Upo wapi? Tangu umeingia mama anaona kisogo chako tu. Na si leo. Toka augue, umekaa naye lini?"

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akaweka bisibisi chini, akaondoa koti kwenye kiti, akakisogeza kando ya kitanda cha mama, akakaa. Lakini miguu ilikuwa inataka kuondoka, na goti likaanza kucheza. Mama akauondoa kwenye kishikwambi ule mkono wake mmoja mzima, akauweka juu ya goti la mwanawe. Simu haikulia tena.