Kielelezo Chenye Pembe

Nyamizi wa Ziba hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Mumewe, Shigela, alipokamatwa kwa wizi wa ng'ombe, alijifunga kitenge kiunoni akasema kesi hiyo haivuki msimu wa palizi. Ng'ombe mwenyewe alikuwa Tajiri, maksai waliyemlea tangu ndama. Majidi, mchuuzi wa mifugo, alidai ni wake, na risiti ya mnada alikuwa nayo. Shigela alikuwa na koo lake tu. Lakini kwao, watu wakigombea ng'ombe, anaachiwa uwanjani, kila mmoja anaita. Anayefuatwa ndiye mwenye mali. Na Shigela akiita shambani, Tajiri alikuwa anaacha hata majani mdomoni.

Siku ya kwanza kizimbani alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba nimwite ng'ombe wangu. Hata leo."

"Utamwita kesi ikianza kusikilizwa," hakimu alijibu, wala si kwa ubaya.

Siku hiyo ikagoma kufika. Upelelezi haujakamilika. Jalada liko mkoani. Shahidi anauguliwa. Mwendesha mashtaka alikuwa na sababu nyingi kuliko mbu wa mbugani; kila baada ya wiki mbili alitoa moja, akaomba tarehe, akapewa. Dhamana ilitaka wadhamini wenye hati za nyumba, na Nyamizi alikuwa na tembe la udongo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na hao hawakuwahi kuonja ugali wa mahabusu.

Tajiri naye alifungwa, nyuma ya kituo cha polisi. Nyamizi alimpelekea pumba.

"Hapana, mama," alisema Deus, askari aliyepewa kazi ya kumlisha. "Huyu ni kielelezo, ushahidi wa kesi. Akikuzoea, watasema umemfundisha. Ila usihofu, kwangu halali njaa."

Na kweli hakulala njaa. Deus alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio unaoniuma ninaposimulia haya.

Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Shigela akaanza kukohoa. Mahakamani hakutakiwa kusema lolote ila "nipo" jina lake likisomwa, na "nipo" yenyewe ilizidi kufifia. Nyamizi alijiambia ni vumbi.

Mwaka wa nne akaja hakimu mpya, asiyependa visingizio. Alisikiliza mashahidi, akakubali ombi la Shigela, wote wakatoka hadi nyuma ya kituo. Tajiri akafunguliwa kamba. Majidi aliita kwanza. Ng'ombe hata hakugeuza shingo. Nyamizi akamkazia macho Tajiri asipitwe na hatua yake ya kwanza.

Shigela akavuta pumzi, akaita. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Akaita tena, akakohoa mpaka akashika magoti. Tajiri aliendelea kutafuna. Mara Deus, bila kukusudia baya, akapita na ndoo ya maji, na ng'ombe akamfuata taratibu akipepea masikio.

"Iandikwe hivyo," alisema hakimu. Ikabaki risiti ya Majidi.

Nyamizi alitaka kumlaani yule ng'ombe, akashindwa. Hata yeye, sauti ile ilipotoka, alikuwa amegeuka kutazama ni nani aliyeita.