Hoho ya Unguja, Hoho ya Madale

Pilipili ikigusa mafuta ya moto, hata jirani anakohoa. Harufu yake inapanda puani, inashuka kooni, machozi yanachuruzika, na mimi badala ya kukimbilia nje hubaki palepale jikoni napiga chafya na kucheka peke yangu. Mume wangu huniona sina akili timamu. Simlaumu, yeye hakuwepo msimu ule wa mvua nyumbani kwetu Madale, pilipili ilipokaribia kumfukuza mtu niliyempenda.

Kwetu hatukuwa watu wa pilipili. Baba alikuwa karani, mtu wa Iringa, na mchuzi wake ulimtosha ukiwa na chumvi, nyanya na hoho, yale madude makubwa ya kijani yasiyowasha hata chembe. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo mno, sura yake naijua kwa picha tu. Nilipokuwa darasa la nne baba akaoa tena, mwanamke aliyezaliwa na kukulia Unguja, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Nilimpenda mapema, ila neno "mama" liligoma kutoka. Nilimwamkia shikamoo tupu, na nikimhitaji nilizungukazunguka mpaka anione. Alikuja na mfuko wa pilipili nyekundu alizozikausha mwenyewe kwao, na akiufungua nilianza kupiga chafya kabla yake.

Jumapili moja akaja shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye neno lake katika ukoo lilikuwa la mwisho. Alikuja kumkagua wifi yake, wala hakutuficha. Kabla hajatoka na baba kwenda kanisani, akachungulia jikoni na kutoa amri: "Wifi, kwenye nyama usisahau hoho. Weka za kutosha, kaka yangu anazipenda mno." Mke wa baba akaitikia kwa furaha, maana alikuwa akijiuliza tangu aolewe kwa nini nyumba hii haili pilipili. Akafungua mfuko wake. Akaweka na kuweka! Mchana shangazi alipotia tonge la kwanza mdomoni, aliruka kutoka kwenye kiti, kilemba kikamdondoka, akawa anaomba maji, maziwa, chochote. Baba alitokwa na machozi kimya kimya. "Huyu amefanya makusudi," shangazi alisema alipopata sauti. "Jumapili ijayo tunakaa kikao. Mwanamke wa kuniua kwa mchuzi hakai kwa kaka yangu." Baba akainamia sahani yake, kwani kumbishia dada yake hakuwahi kuthubutu.

Wiki ile nyumba ilipoa. Jumamosi mke wa baba akanichukua kwenda Tegeta, kwenye duka kubwa la vyakula. Aliamini kosa lake ni kwamba hoho za kwao ni kali kupita kiasi, hivyo akatafute za dukani zisizowasha sana, awapikie watu wa kikao. Na pamoja na majonzi yake, mbele ya pilipili alisahau kila kitu. Alinionyesha kikonyo: kikiwa kijani na kigumu, pilipili haijalala sana, kikiwa kimenyauka, iache. Aliniambia niibonyeze kidogo, ngozi isibonyee. Ya unga iliyoiva rangi kupita kawaida aliitilia shaka, na aligeuza kila chupa kusoma kilichoandikwa nyuma. "Hii wameanza na maji, wakafuata sukari, pilipili iko mwisho kabisa. Si bora ninunue soda?" Nilicheka hadi watu wakageuka. Ndipo akamwendea kijana wa mbogamboga akaomba hoho zisizo kali. Kijana akampa yale madude ya kijani.

"Mbona unanipa pilipili boga? Mie nimetaka hoho."

"Dada, hoho ndiyo hiyo. Kama unataka kali, chukua mbuzi au kichaa."

"Kwetu hoho ndiyo inayowasha!"

Kijana akacheka, yeye hakucheka. Alisimama ameishika ile hoho kwa mikono miwili. "Kumbe," alisema, "basi nani ataniamini?"

Siku ya kikao walikaa sebuleni, wajomba na baba wadogo, nyuso zimekunjamana. Mke wa baba alijaribu kueleza, shangazi akamkatiza: visingizio hivyo. Nikaona baba anaangalia miguu yake. Hasira ikanipanda, nikaingia nimeshika hoho mkononi, na sauti ikanitoka kubwa kuliko mwili wangu: "Shangazi, mama hakukosea! Kwao hii inaitwa boga. Ulimwambia aweke hoho, naye akaweka hoho!" Shangazi akaitazama hoho, akamtazama wifi yake, kisha akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. Mama yeye hakucheka wala hakumsikiliza. Alikuwa akiniangalia mimi, kwa lile neno nililolitaja bila kujua.

Siku hizi Tegeta ina rafu nzima za pilipili: za chupa, za kopo, zilizochanganywa na embe, zenye picha za moto kana kwamba mtu anataka kuunguza nyumba. Nabonyeza, nasoma nyuma ya chupa, watoto wangu wananiharakisha. Wao wanaijua hoho moja tu, na bibi yao wa Unguja wanamwita bibi bila kuulizana alilipata wapi jina hilo. Wamekuta kila kitu kimeshapikwa.

Baba alipofariki, matanga hayajaisha, ndugu wakaanza minong'ono. Mjane hakuzaa humu, walisema, basi arudi kwao Unguja, nyumba ibaki ya ukoo. Mama alikaa mkekani ameinamisha kichwa. Shangazi, mzee sasa, akagonga sakafu kwa fimbo yake.

"Arudi kwao wapi?" aliuliza, akaninyooshea kidole. "Mtoto wake si huyu hapa?"

Nililia mbele za watu wote, mtu mzima mimi, wala sikuona aibu.