Kiti cha Ghorofani

Jamani, leo mama kaniliza hapa dukani Karatu.

Dada Yasinta, ambaye hatujamwona mwaka wa sita huu, alipiga simu ya video kutoka ughaibuni. Alikuwa anaenda kazini kwa treni ya umeme yenye ghorofa, amekaa juu.

"Mama, ona, wengine wako chini yangu!"

Nikadhani mama atashangaa. Hajawahi kupanda treni yoyote.

Akauliza tu, "Hapo pembeni yako kuna mtu?"

"Hapana mama, kiti kiko wazi."

"Basi niwekee, mwanangu. Nakuja."

Tukacheka. Halafu dada akageuzia simu dirishani, tusimwone uso.

Simu ilipokatika, mama akaniuliza pasipoti inaombwa wapi.

Nyie, mngemjibu nini?