Debe la Maji Kutoka Nangumbu

Wakati mabati yalipokuwa yakipatikana kwa mgao, Bakili Mnyambe alikuwa fundi bati katika Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Alitengeneza koroboi, karai, faneli za mafuta ya taa, na zaidi ya yote ndoo. Wanachama wenzake wa ushirika wa mafundi walikuwa wakisema ndoo ya Bakili inaweza kurithiwa. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Mikono yake ilijaa makovu ya bati, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amekanyaga kwao Nangumbu, kijiji kilicho ndani huko Kilwa. Baba yake alipofariki, barabara ya kusini ilikuwa imekatika kwa mvua, naye hakufika mazikoni. Tangu hapo kila mwaka alisema atakwenda masika yakiisha, na kila mwaka alipata sababu ya kutokwenda.

Asubuhi moja ya Juni 1976 mwanamke alisimama mbele ya kibanda chake, debe kichwani, kanga zimegeuka rangi kwa vumbi la safari.

"Shikamoo, kaka."

Sauti aliijua kabla hajainua macho. Alikuwa Somoe, mdogo wake.

"Marahaba! Somoe! Umekuja na nani? Na hilo debe lina nini, asali?"

"Maji."

Wauza viazi wa jirani waliangua kicheko. Somoe hakujali. Alikwisha kuchekwa siku tatu nzima njiani; utingo wa basi alimuuliza kama amesikia bahari ya Dar es Salaam imekauka. Alilitua debe taratibu, akafungua kitambaa kilichofungwa mdomoni mwa debe, akamwambia kaka yake anuse.

Bakili akanusa. Yalikuwa maji ya kijivujivu, yenye utelezi juu, na harufu iliyomkumbusha sabuni ya magadi.

"Ndiyo tunayokunywa," Somoe alisema.

Akaketi juu ya kreti, akaeleza. Miaka miwili nyuma watu walihamishwa kutoka vitongoji vyao vya zamani wakakaa pamoja Nangumbu, na visima vya mababu vikabaki huko porini. Kijiji kizima sasa kilikuwa na kisima kimoja. Kisha wakaja wachimbaji wa gesi na mtambo mrefu kuliko mnazi. Walisema chini ya miamba kuna gesi itakayowasha taa nchi nzima, na watu walifurahi, hata wakawachezea ngoma. Lakini mtambo ulikuwa ukisukuma tope la dawa kwenda chini kwa nguvu ya mashine, na tope lililorudi juu lilimwagwa katika bwawa walilolichimba mlimani, juu ya kisima. Mvua za Aprili zilipokuja, bwawa likafurika.

"Watoto wanajikuna hadi damu," alisema. "Wengine wanasema ardhi yenyewe itawaka moto. Mwenyekiti wetu alikwenda wilayani kuuliza, akaambiwa asiwatie watu hofu. Ndipo kamati ikanituma mimi. Wakasema, una kaka mjini."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Bakili kama msumari. Kaka aliyeshindwa kufika mazikoni ndiye ambaye kijiji kilimtegemea.

Jioni ile ile alimpeleka Somoe kwa Leodegar, karani wa ghala moja la kiwanda, mtu wa Ndanda aliyekuwa pia katibu wa chama cha watu wa kusini. Leodegar alikuwa na taipureta na lugha ya maofisini. Walimkuta na wenzake kadhaa wamekaa kwenye nyasi za Mnazi Mmoja, wakasikiliza wote pamoja. Somoe alipomaliza, Leodegar alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Dada yangu, nakuamini," alisema. "Lakini nikiandika barua hii, watasema watu wa kusini wanapinga maendeleo. Mimi ni mtumishi. Nina watoto."

"Hatupingi, Ndugu Katibu. Taa hata sisi tunaitaka."

"Najua. Lakini utathibitishaje? Maji machafu yapo kila kijiji. Watakuambia chemsheni."

Ndugu wale wawili walirudi Kariakoo, na Bakili aliona aibu kuliko dada yake.

Ila usingizi ulimpaa kwa neno lile, utathibitishaje. Asubuhi alichukua kipande cha bati jipya, akakikata katikati, akalehemu makopo mawili yaliyolingana kama mapacha. Moja akalijaza maji ya bomba la mtaa. La pili akalijaza maji ya Nangumbu. Akayaweka juu ya rafu, mahali pasipofikiwa na jua, akamwambia Somoe wasubiri.

"Tusubiri nini?"

"Bati halijui siasa," alisema Bakili. "Litasema lilichokiona."

Siku ya tatu kopo la pili lilipoteza mng'aro. Siku ya sita lilikuwa na madoa meupe kama unga, na palipounganishwa kwa lehemu palianza kudondosha matone. Kopo la kwanza lilikuwa bado linang'aa. Bakili hakuwahi katika maisha yake kufurahi hivyo kuona kazi yake inavuja.

Alimpelekea Leodegar makopo yote mawili kazini, mchana kweupe, mbele ya wapagazi. Leodegar aliyageuzageuza. Akapitisha ukucha kwenye madoa, unga ukamwagika kiganjani.

"Na haya ndiyo wanayokunywa watoto?" aliuliza.

"Tangu Aprili."

Baada ya kazi Leodegar alipiga chapa barua ya kurasa mbili, nakala nne, na chini yake, pale ambapo Bakili alitegemea kuona jina la chama tu, aliandika jina lake kamili na kutia sahihi.

Ofisi ya uchimbaji waliyoelekezwa ilikuwa upande wa Kivukoni. Siku ya kwanza waliambiwa mhusika yuko kwenye kikao. Siku ya pili, kikao kilikuwa bado kinaendelea. Siku ya tatu Somoe alikaa sakafuni ukumbini, makopo yamewekwa mbele yake kama anayauza, na kila aliyepita alilazimika kuyaruka. Aliyesimama ni mwanamke kijana mwenye viatu vilivyojaa udongo na ramani kwapani. Aliitwa Elieshi, mtaalamu wa miamba, na alikuwa na miezi minane tu kazini.

Alichuchumaa. "Haya makopo ni ya nini, mama?"

Bakili alieleza, na kwa mara ya kwanza maneno yalimtoka bila kukatika: bati moja, lehemu moja, mkono mmoja, maji mawili. Elieshi aliuliza kama bado wanayo maji mengine. Alipoambiwa nusu debe imebaki Kariakoo, alisema, "Msiyamwage. Twendeni."

Mkuu wake hakupendezwa. Aliwaita wote ofisini, akamwambia Somoe kwa upole wa mtu mwenye haraka, "Mama, gesi hii ni mali ya taifa zima."

"Ndiyo, mzee," Somoe alijibu. "Na mimi nimo. Ndiyo maana nimekuja kwenye ofisi ya taifa, sikwenda kwa mganga."

Mzee yule akacheka kidogo, akavuta barua ya Leodegar iliyokuwa imelala mezani kwake tangu siku ya kwanza, safari hii akaisoma.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu. Maji yalikuwa na magadi makali na chumvi za tope la kuchimbia. Elieshi alipelekwa Nangumbu na wenzake wawili, na uchimbaji ukasimamishwa hadi bwawa lile litolewe tope na kufukiwa, na jipya la saruji lijengwe upande wa bondeni, mbali na makazi. Kisima kipya kilichimbwa juu zaidi. Tena ikaamuliwa kwamba kijiji kichague mkaguzi wake mmoja, aingie eneo la mtambo kila mwezi, aone mwenyewe, aulize na ajibiwe. Mashaka hayakuisha yote. Wengine waliendelea kuota moto unatoka ardhini, na hakuna aliyejua kama gesi yenyewe ingepatikana. Lakini sasa palikuwa na mtu wa kumuuliza.

Mwezi wa Septemba Bakili alifunga kibanda. Alipanda basi na mabati kumi na mawili ambayo ushirika wake ulikubali kuyatoa katika mgao wake, akavuka Rufiji, akafika kwao. Kwanza alikwenda kaburini kwa baba, akakaa huko hadi jua likawa kali. Halafu alitengeneza mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa la shule, akiwafundisha watu wawili wa kijiji kulehemu, maana alijua hatakuwepo kila itakapovuja.

Kabla hajaondoka, Somoe, ambaye kijiji kilimchagua kuwa mkaguzi wake, alimwambia leo ni siku ya ukaguzi, amsindikize. Walipanda mlima pamoja hadi kwenye kizuizi. Mlinzi alimsalimu Somoe kwa jina, akafungua daftari, akamwandika, akainua mti wa kizuizi.

Bakili akapiga hatua kumfuata. Mlinzi akaushusha mti.

"Wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ni kaka yake. Natoka Dar es Salaam."

"Jina lako halimo. Subiri hapo."

Somoe aligeuka, akamtazama kaka yake wa mjini aliyebaki nje na kofia mkononi, na wote wawili wakacheka hadi mlinzi akashangaa. Kisha akaendelea kupanda, kuelekea kwenye mtambo, na Bakili akakaa juu ya jiwe kumsubiri.