Wanaume wa Majani ya Miwa

Nyumba ya Velda Yearwood iliondoka siku ya tatu ya mechi ya kriketi, kati ya chakula cha mchana na chai ya alasiri. Asubuhi aliifunga kwa ufunguo, akajitwika sinia la bajia za ng'onda, akaenda kuuza uwanjani. Jioni aliporudi alikuta mawe. Yalikuwa yamekaa mahali pake kama magego ya mzee, na ngazi ya mlangoni imesimama peke yake, haipandi kwenda popote.

Nyumba zetu wanyonge wa Barbados ni za mbao, hukalishwa tu juu ya mawe, kwa kuwa ardhi ni ya mwenye shamba na wakati wowote anaweza kukwambia hama. Unabomoa ukuta kwa ukuta, unapakia kwenye lori, unasimamisha kwingine kabla jua halijazama. Ndivyo Carlisle, mume wa Velda, alivyofanya. Nyumba aliyoijenga baba yake Velda, akimwachia bintiye na si mkwewe, aliichukua akaenda kuisimamisha kwenye kiwanja cha Thora Boyce. Thora alikuwa mwanamke wake wa siri, siri ambayo kila mtu aliijua isipokuwa mwenye mume.

Hakuna aliyeona lori. Enzi hizo kriketi ya siku tano ilipochezwa Bridgetown, mitaa ilibaki na mbwa na wagonjwa. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya miti na mapaa ya jirani. Carlisle hakuwahi kukosa mechi tangu utoto wake, alikuwa na kiti chake kwenye jukwaa la mbao la upande wa mashariki, pamoja na wenzake sita. Ndiyo maana alichagua siku ile: nani angedhani ataacha kiti chake?

Velda alishtaki. Wale sita wakapanda kizimbani mmoja baada ya mwingine, wamevaa makoti ya kanisani, wakashika Biblia. Wote walisema neno moja: walimsikia Velda kwa masikio yao, pale jukwaani, wakati wa chakula cha mchana, akimwambia mumewe, "Nyumba chukua, mimi nimeichoka." Hakusema. Siku ile hata hakufika upande wa mashariki. Lakini hakimu alitazama makoti sita, akamtazama mwanamke mmoja asiyejua kusoma, akaamua.

Tangu hapo Velda alikaa kwa shoga yake Ianthe, katika chumba cha nyuma, na kila Jumamosi alikwenda kufagia mawe yake. Watu walimcheka. "Bi Velda, unapiga deki hewa?" Naye hujibu, "Nafagia ili nyumba ikirudi isikute uchafu." Alikuwa akitaka kitu kimoja tu duniani: mmoja kati ya wale sita aseme kweli, kwa sauti, mbele za watu. Mmoja tu. Kesi ingefunguliwa upya na nyumba ingerudi kwenye mawe yake.

Hawakusema. Wakaanza kufa, na kila aliyekufa alikwenda na ulimi wake. Carlisle naye akafa, akafia kitandani ndani ya nyumba ile ile, na Thora akabaki na funguo.

Na kriketi nayo ikaanza kufa. Vijana walitaka ule mchezo mfupi wa jioni, wenye ngoma na taa. Timu yetu ikawa inafungwa na kila mgeni. Wazee waliobaki walisema tiketi ghali, jua kali, afadhali redio. Kila mwaka Velda alirudi na bajia nyingi zaidi kwenye sinia. Mwishowe ukisimama langoni unasikia gongo likipiga mpira, kisha unasikia pigo lile lile likirudi kutoka majukwaa matupu, kana kwamba kuna mechi nyingine inachezwa huko, na wachezaji wake hawaonekani.

Kwenye jukwaa la mashariki alibaki mtu mmoja. Huyo alikuwa Mzee Darnley Squires, wa sita kati ya wale mashahidi, mwenye fimbo na chupa ya chai. Velda alipompita na sinia alikuwa akitazama pembeni.

Mwaka huu walikuja Bangladesh. Wiki mbili kabla, Bwana Applewhaite, msimamizi wa uwanja, alimfuata Velda nyumbani kwa Ianthe.

"Bi Velda, wewe ndiye unayetengeneza yule Bwana Harding kila sherehe ya mavuno?"

"Mimi. Na mama yangu kabla yangu."

Bwana Harding ni sanamu la mtu, limejazwa majani makavu ya miwa, limevishwa koti kuukuu. Ndiye shida za mwaka mzima. Miwa ikiisha kukatwa anazungushwa mitaani, anatukanwa, anachomwa moto.

"Nataka wengi," alisema Applewhaite. "Wa kujaza jukwaa la mashariki. Kamera za televisheni zinatazama pale pale, na wenye matangazo wamesema wamechoka kuona viti."

Ianthe alicheka mpaka akashika mlango. "Bwana wangu, mnataka kudanganya dunia kwa majani?"

"Kwa mbali hawatambulikani, mama. Wavishe tu kofia."

Velda hakucheka. "Nguo nitazitoa wapi?"

"Omba mitaani. Watu wana masanduku ya nguo za marehemu wao."

Hapo ndipo wazo lilipomwingia, likakaa.

Nguo ya marehemu kwetu haivaliwi na mwingine mpaka mifuko yake igeuzwe nje, ioneshe kuwa ni mitupu. Usipoigeuza, mwenyewe atakuja kuangalia alisahau nini. Mtoto mdogo anajua. Velda alipita nyumba kwa nyumba, na kwa wajane wa wale mashahidi watano alipita mwenyewe, akaomba makoti ya kanisani. Kwa Thora alimtuma Ianthe, akarudi na koti la kijivu la Carlisle.

Nguo za watu wengine aligeuza mifuko yote. Makoti yale sita hakuyagusa mifuko.

"Velda," alisema Ianthe, akimtazama anavyoshona. "Hilo la Carlisle umesahau."

"Sijasahau."

"Shoga, usicheze na vitu hivyo."

"Mimi ndiye niliyechezewa," alisema Velda, akakata uzi kwa meno.

Asubuhi ya siku ya kwanza masanamu yalikuwa yameketi safu kwa safu, nyuso za kitambaa bila macho wala midomo, kofia zimeshushwa. Katikati, kuzunguka kiti cha Squires, Velda aliwakalisha watano, kila mmoja kwenye kiti chake cha zamani. Carlisle alimweka mkono wa kulia.

Squires alikuja na fimbo yake. Alifika nusu ya ngazi, akasimama.

"Nani kamkalisha Carlisle hapo?"

"Si Carlisle, Mzee Squires," Velda alimjibu kutoka chini, sinia kichwani. "Ni majani ya miwa."

"Koti lile nalijua."

"Koti ni koti. Keti, mzee, mechi inaanza. Au unaogopa wenzako?"

Mzee aliketi, maana angekwenda wapi? Hakuna kitu kingine alichokijua. Siku nzima hakugusa chai yake.

Jioni ile Velda aliingia kwa Ianthe kinyumenyume, mgongo mbele, kama mama yake alivyomfundisha kufanya mtu akitoka kwenye maiti, ili kinachomfuata kikutane na uso wake na kishindwe kuvuka kizingiti.

"Haa!" alisema Ianthe. "Kumbe hata wewe unaogopa."

"Siogopi. Nafunga mlango tu."

Siku ya pili hapakuwa na upepo. Kabla ya chakula cha mchana mpigaji wa Bangladesh alipiga mpira mzuri ukateleza mpaka kwenye kamba ya mpaka wa uwanja, na kutoka jukwaa la mashariki likatoka lile guno la chini la wanaume wanaokubali kitu bila kutaka kumsifu mgeni. Velda alilijua. Alilisikia miaka yote ya ujana wake. Mlinzi wa langoni akageuka.

"Bi Velda, nani yuko kule juu?"

"Squires."

"Squires mmoja anaguna hivyo?"

Velda alishusha sinia. Alisema moyoni: nimewashona mwenyewe, sikuwapa midomo. Hata hivyo hakupanda kuangalia.

Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, mlinzi alimwita tena. Safari hii alinong'ona.

"Mama, umewageuza wewe?"

Velda alitazama juu. Asubuhi aliwaacha wote wakitazama uwanjani. Sasa wale wa makoti sita walikuwa wametazama katikati. Mabega, kofia, magoti, vyote vimeelekezwa kwa mzee aliyeketi. Tena walikuwa wamesogea. Kati ya Squires na koti la kijivu asubuhi palikuwa na nafasi ya kuweka chupa ya chai. Sasa hapakuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

"Sijapanda huko tangu asubuhi," alisema Velda, na ilikuwa kweli.

Mchezo ukaanza tena. Mrushaji alikuwa akikimbia kuja, uwanja kimya kama kanisa siku ya kazi, wakati Squires aliposimama. Alisimama bila fimbo, ameshika masikio.

"Hakusema!" alipiga kelele. "Basi, niacheni! Velda hakusema! Tulidanganya, sote, Carlisle alituomba! Hakusema neno lile!"

Mpigaji alishusha gongo. Mwamuzi aligeuka. Sauti ya mzee ilikwenda jukwaa la mbali ikarudi, *hakusema*, ikaenda tena. Uwanja ungekuwa umejaa kama zamani, nani angemsikia? Ungekuwa ukelele mmoja kati ya maelfu, na jirani angempa funda la pombe na kumwambia akae. Lakini hapakuwa na mtu. Vipaza sauti vya televisheni vilivyofukiwa nyuma ya vijiti vya wiketi viliokota kila neno, na kisiwa kizima, wale wote waliobaki nyumbani na redio zao, wakasikia jina la Velda.

Velda alikuwa ameketi kwenye ngazi, sinia magotini. Alikuwa amengoja kilio kile miaka mingi, akidhani siku kikija atacheka. Hakucheka. Alimtazama Squires akishuka akilia, na nyuma yake alitazama yale makoti. Yalikuwa yamerudi kutazama uwanjani.

Squires alirudia maneno yake mbele ya mchungaji, kisha mbele ya hakimu mpya. Lakini Thora hakungoja hukumu. Alimwita Ianthe barabarani kabla mechi haijaisha.

"Mwambie shoga yako aje aichukue. Sitaki kesi, sitaki chochote. Lori nitalilipa mimi."

"Leo aibu imekushika?"

"Aibu nimeizoea," alisema Thora. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwambie haraka."

Ianthe alimfikishia Velda maneno hayo kwa kicheko, naye Velda alidhani ni woga wa jela.

Jioni ya siku ya tano masanamu yalishushwa ili yachomwe nyuma ya uwanja, kama Bwana Harding yeyote. Velda alisimama kuwahesabu wale wake. Watano walikuja, wamebebwa kwapani. Wa sita hakuja. Walipopanda kutazama walikuta kwenye kiti cha Carlisle koti la kijivu peke yake, limefungwa vifungo vyote, limelala bapa. Ndani hamkuwa na jani hata moja, wala sakafuni.

"Upepo," alisema Applewhaite.

"Upepo unafungua koti kwanza," alisema Ianthe.

Velda alilitupa koti motoni bila kugusa mifuko. Angegeuza nini tena?

Nyumba ilirudi Jumamosi. Mafundi waliikalisha juu ya mawe aliyoyafagia, ikatoshea kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani. Mtaa mzima ulitoka kutazama, hata wale waliomcheka, na Ianthe akacheza barabarani na kitambaa kichwani. Walipokwisha kwenda zao, jua likiwa bado liko juu, Velda alichukua ufunguo. Alipanda ngazi iliyokaa miaka yote bila kupanda kwenda popote. Mlangoni akageuka, kwa mazoea, akaingia kinyumenyume, uso nje, mgongo mbele. Barabarani hapakuwa na kitu. Hakuna kilichomfuata. Akafunga mlango, akashusha pumzi.

Kisha akanusa majani ya miwa.

Kuingia kinyumenyume humzuia anayefuata. Aliyekwisha kuingia hakumzuii.

Aligeuka taratibu. Vipande vya majani makavu vilikuwa vimetawanyika sakafuni kutoka chumba cha kulala mpaka kwenye kiti cha baba yake. Thora alikuwa amekiacha kimeelekea ukutani. Mafundi walisema hivyo, walikistaajabia, wakakirudisha vile vile. Sasa kilikuwa kimeelekea dirishani, upande ambao, usiku wa mechi, taa za uwanja huonekana juu ya mapaa.

Velda alitazama mlango. Angeweza kutoka. Chumba cha nyuma kwa Ianthe kilikuwa bado chake. Badala yake alichukua ufagio, akafagia majani yote mpaka kwenye miguu ya kiti, hapo akaacha. Akavuta kibao, akaketi mkabala nacho.

"Haya, Carlisle," alisema. "Nyumba imerudi, nawe umekuja nayo. Ila humu ndani huna shahidi hata mmoja. Leo nitasema mimi."

Kiti kililia, kama kinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa kusikiliza.